Njia ya Kati: Akiba, Nyumba na Maisha ya Mtumishi Ambaye Bado Hajaoa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyetuumba, akaturuzuku, akatufanyia majumba yetu kuwa mahali pa utulivu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu Waislamu, wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mnaotusikiliza majumbani na mashuleni, tunakuusieni na tunaziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri, na katika mali kama tunavyomcha katika sala.

Hotuba yetu ya leo twaielekeza kwa kijana mwenye kazi ambaye bado hajaoa au hajaolewa. Ni yule mwalimu aliyepangiwa shule ya Kiomboi au Nduguti, muuguzi aliye Manyoni, bwana shamba aliye Ikungi, au karani wa ofisi hapo Singida mjini. Amepanga chumba, anapokea mshahara mwisho wa mwezi, na mambo matatu yanamvuta kwa wakati mmoja: anataka kuweka akiba, anataka kuwa na nyumba yake, na anapaswa kuishi leo. Wazazi wanamtazama, wadogo zake wanamwandikia, rafiki zake wanamwalika katika michango. Asipopata uongozi, ama ataila mali yote asibakiwe na kitu, ama ataishika mali yote asibakiwe na utu.

Ndugu Waislamu, kuweka akiba si ukosefu wa kumtegemea Mungu. Katika Sura ya Yusuf, aya ya 47 hadi ya 49, twasoma jinsi Nabii Yusuf (A.S.) alivyowaongoza watu wa Misri walime miaka saba mfululizo, waiache nafaka katika masuke yake, ila kidogo watakachokula, kwa ajili ya miaka saba ya shida itakayofuata. Wakulima wetu wa Singida hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Mkoa huu hupata msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mtama na uwele unaovunwa baada ya hapo ndio utakaowalisha watu mpaka mavuno mengine. Nani basi atasema kwamba mwenye kihenge hamtegemei Mola wake? Mshahara nao ni mavuno, na mwenye mshahara anahitaji kihenge chake.

Lakini tuangalie tena kisa hicho. Nabii Yusuf hakuwaambia watu wasile; aliwaambia wale kwa kipimo. Na katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, Mwenyezi Mungu anawasifu waja wake ambao wanapotumia hawafanyi israfu wala hawafanyi choyo, bali hukaa katikati ya hayo mawili. Hiyo ndiyo mizani yetu leo.

Tupige mfano wa hesabu ili jambo lieleweke. Tuseme kijana anapokea mkononi shilingi 600,000 kwa mwezi. Chakula, mkaa, maji na nauli akavitengea 210,000. Kodi ya chumba 60,000. Wazazi na ndugu 80,000. Sadaka 20,000. Akiba ya maradhi na misiba 50,000. Nguo, vitabu na michango ya harusi 30,000. Zilizobaki ni 150,000, nazo aziweke kwa ajili ya nyumba, tena aziweke siku ile ile ya mshahara, kabla hazijachanganyika na za sokoni. Kwa mwaka mmoja atakuwa na 1,800,000. Kwa miaka mitatu 5,400,000. Mwenye kipato kidogo zaidi na apunguze kila fungu kwa kadiri yake, lakini asilifute fungu lolote. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kisichotiwa kitu hakijai kwa dua peke yake.

Wako watakaouliza: Kwa nini mmeweka fungu la wazazi na la sadaka kabla ya nyumba? Kwa sababu nyumba iliyojengwa kwa njaa ya mama haina baraka. Wako pia watakaouliza: Kwa nini mmeweka fungu la nguo na vitabu? Kwa sababu mwili na akili vina haki. Salman al-Farisi (R.A.) alipomzuru nduguye Abu Dardaa (R.A.) akamkuta amezidisha ibada hata ameisahau nafsi yake na watu wa nyumba yake, alimkumbusha kwamba Mola ana haki, na nafsi ina haki, na ahali wana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake, na Bwana Mtume (S.A.W.) aliyathibitisha maneno hayo. Ikiwa mtu hakuruhusiwa kuipunja nafsi yake kwa ajili ya ibada, je, ataruhusiwa kuipunja kwa ajili ya matofali?

Ndugu zetu, katika akiba hiyo msisahau zaka. Fedha zinazowekwa kwa nia ya kujenga bado ni fedha: zikifikia nisabu na zikapitiwa na mwaka mzima wa mwezi mwandamo, wanavyuoni walio wengi wanasema ni wajibu kuzitolea sehemu 1 katika 40. Nisabu ya dhahabu hukadiriwa kuwa gramu 85, na ya fedha gramu 595. Aliye na shaka na amwulize shehe wake ni ipi ya kufuata. Zaka ya shilingi 5,400,000 ni 135,000. Ama kiwanja alichonunua mtu ili akae mwenyewe, na matofali na mabati aliyoyaweka kwa nyumba yake, hayo hayana zaka. Kiwanja alichokinunua ili akiuze kwa faida ni bidhaa ya biashara, nacho kina zaka.

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe. Wazee wanakumbuka kwamba nchi yetu ilikuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1995. Kabla yake, na baada yake, Watanzania walio wengi wamejenga kwa mikono yao na kwa awamu: mwaka huu kiwanja, mwaka ujao msingi, mwaka wa tatu kuta. Njia hii ina heshima yake, nayo ina elimu yake. Matofali ya udongo hufyatuliwa na kuchomwa wakati wa kiangazi. Aliyesimamisha kuta za udongo asiwe na bati mvua zinapoanza ameijengea mvua. Mawe ya msingi Singida haikunyimwa. Basi ajenge chumba kimoja akiezeke, kuliko kuanza vyumba sita vikabaki magofu ya kuotea nyasi. Nyumba njema si mlango.

Na kabla ya tofali la kwanza, kuna karatasi. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, inatuamuru kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la muda linaandikwa, itakuwaje ardhi ya maisha? Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo anayenunua mjini na aende ofisi ya ardhi ya halmashauri aulize kiwanja hicho ni cha nani na kimepangiwa matumizi gani. Anayenunua kijijini na apitie halmashauri ya kijiji. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi wa mauziano, lakini peke yake si hati. Vijana wangapi wamelipa akiba ya miaka mitano kwa muuzaji aliyekwisha kuuza kiwanja hicho hicho kwa mwingine! Kulia baadaye hakurudishi kitu.

Dada zetu tunawaambia jambo mahsusi. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametaja kwamba wanaume wana fungu katika waliyochuma na wanawake wana fungu katika waliyochuma. Sheria ya Ardhi nayo imempa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Basi muuguzi au mwalimu wa kike anayenunua kiwanja na akiandikishe kwa jina lake, si kwa jina la kaka wala la mchumba. Akiolewa, mali yake inabaki kuwa yake.

Tunakuja kwenye mkopo, na hapa ndipo penye hatari. Riba imeharamishwa kwa maneno makali kuliko mambo mengi, na haihalaliki kwa kuitwa jina jingine. Kanuni za utumishi zinataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato. Huo ni ukuta wa mwisho, lakini baadhi yetu wameufanya kuwa kitanda: wanakopa hadi theluthi hiyo, wanaishi kwa miaka mingi katika dhiki, kisha wanawaendea wakopeshaji wa mitaani wanaochukua kadi zao za benki, ambao watu wenyewe wamewaita kausha damu. Jina hilo linatosha kuwa onyo. Tangu mwaka 2011 Tanzania ina Amana Bank, inayofanya kazi kwa misingi ya sheria ya Kiislamu, na baadhi ya benki nyingine zimefungua huduma za namna hiyo. Katika muamala wa murabaha, benki hununua bidhaa yenyewe, kisha humwuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu siku ya kwanza. Kijana asome mkataba wote, aulize wenye elimu, ndipo atie saini. Na akumbuke kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alijizuia kumsalia maiti aliyekuwa na deni la dinari mbili, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipochukua dhamana ya kulilipa.

Haya ndiyo maneno yetu. Tunajiombea na tunakuombeeni msamaha kwa Mwenyezi Mungu. Nanyi muombeni, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Hotuba ya Pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, liko swali ambalo vijana hutuuliza mara kwa mara: Nyumba kwanza au ndoa kwanza? Mmoja amefikisha miaka 35, na kila akitajiwa kuoa hujibu kwamba bado hajapiga lipu. Twasema hivi: nyumba iliyokamilika si sharti la nikaha. Sura ya At-Talaq, aya ya 6 na ya 7, inamtaka mume amkalishe mkewe mahali anapokaa yeye kwa kadiri ya uwezo wake. Na chumba cha kupanga chenye stara ni makazi. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipofika Madina mikono mitupu, nduguye wa Kiansari Saad bin Rabii (R.A.) alitaka kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe sokoni. Akauza jibini na samli, na haukupita muda mrefu akaoa kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende, na Bwana Mtume (S.A.W.) akamwambia afanye karamu walau kwa mbuzi au kondoo mmoja. Hakungoja kasri. Wazazi nao wasaidie: mahari na sherehe zinazomaliza akiba ya miaka minne kwa usiku mmoja ndizo zinazowaweka watoto wenu nje ya ndoa na nje ya nyumba. Na ambaye uwezo haujamfikia kabisa, Sura ya An-Nur, aya ya 33, inamtaka ajihifadhi mpaka Mwenyezi Mungu amtajirishe kwa fadhila zake.

Jambo la mwisho ni wasia. Kijana ambaye hajaoa hudhani hana wa kumrithi. Anao. Akifa bila mtoto, wazazi wake wana mafungu yaliyotajwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 11, na wasia kwa asiyekuwa mrithi hauzidi theluthi. Basi madeni yake, akiba yake na mpaka wa kiwanja chake viwe vimeandikwa na vinajulikana. Aliyejenga juu ya ardhi ya baba au ya kaka na aandike mapema nani ana nini, kwani mapenzi ya ndugu huwa mengi wakati wa msingi na huwa machache wakati wa mirathi.

Enyi vijana, wekeni akiba kama mkulima, leni kama mtu huru, jengeni kama mwenye kujua kwamba ataondoka. Nyumba tunayoijenga hapa, hata ikiwa ya mawe ya Singida, tutaipisha kwa wengine. Iliyo ya kudumu ni ile tuliyotanguliza amali zake.

Ewe Mola wetu, wape vijana wetu riziki ya halali, makazi yenye stara, wenzi wema, na moyo wa kutosheka. Waepushe na riba na na dhuluma. Uinyeshee ardhi yetu mvua ya manufaa, uwahifadhi wazazi wetu, uwarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.