Ruzuku ya Mbolea na Jina la Mwenye Jembe



Sisi tukaao Chaani twala mshahara wa mjini, lakini wengi wetu tungali na mashamba Kilifi, Kwale na Taita. Kwa hiyo habari za ruzuku ya mbolea zatuhusu.

Ruzuku hii si fedha za kutiwa mkononi. Ni bei iliyopunguzwa. Mwezi wa Septemba 2022 Serikali ilianza kuuza mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 3,500, hali madukani ulipita 6,000. Na mwaka 2023 ukashushwa hata 2,500. Mkulima huandikishwa kwa chifu, kwa kitambulisho na nambari ya simu. Kisha hupelekewa ujumbe, naye huenda ghalani, akalipa, akachukua.

Hapa ndipo penye neno letu. Ikiwa aliyeandikwa ni bwana aliyeko Chaani, na alimaye ni bibi aliyeko Taita, ujumbe humfikia asiyeshika jembe. Bwana yuko zamu bandarini, na mvua haimngoji. Bibi hupanda bila mbolea, au huinunua kwa bei ya duka.

Twawaomba wazee wetu: kila nyumba iketi, na aandikishwe yule alimaye. Pengine mtu ataogopa kwamba jina la mke daftarini litamfanya mwenye ardhi. Sivyo; daftari la mbolea si hati ya shamba.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: hata yenye daftari hupotea, jina likikosewa.