Kubadilisha Mwajiri Ukiwa Ng'ambo
(Mazungumzo na wazazi na vijana wa jumuiya ndogo ndogo, Soy)

 Najua mahindi yanawangoja shambani.

Nimeombwa niseme juu ya watoto wetu walioko Arabuni na Uingereza. Binti anapiga simu usiku, analia, mwajiri ni mkali, mshahara umechelewa. Sisi hapa tunamwambia nini? "Toka hapo, tafuta kazi kwingine." Ushauri huo ni mzuri hapa kwetu. Ukikosana na mwenye duka Eldoret, unabeba mfuko wako, unapanda matatu, na kesho unauliza kazi Moi's Bridge. Kule sivyo.

Kule viza imefungwa kwa mwajiri. Nchi za Ghuba huita utaratibu huo kafala. Mwajiri ndiye mdhamini, na kibali cha kukaa, yaani iqama, kinamtegemea yeye. Ukimwacha bila kufuata sheria, anaweza kuripoti kwamba umetoroka. Saudi Arabia ripoti hiyo huitwa huroob. Hapo hata kama ni wewe uliyeonewa, mbele ya polisi unakuwa mtu asiye na kibali. Unaweza kushikwa, ukawekwa kizuizini na kurudishwa nyumbani, na ile mishahara uliyokuwa ukidai ni shida kuipata.

Wakenya wa Saudi Arabia humwita mfanyakazi aliyetoroka "kemboi". Sisi wa huku tunacheka, maana Ezekiel Kemboi wa mbio za kuruka viunzi na maji, bingwa wa Olimpiki wa 2004 na 2012, ni mtu wetu. Lakini maisha ya kemboi si ya kuchekwa. Ni kweli wengine hupata pesa zaidi kwa vibarua. Lakini akiugua, anaogopa hospitali. Akidhulumiwa, hana pa kushtaki. Kuna waliozaa kule na mtoto akakosa cheti cha kuzaliwa, basi mama akitaka kurudi, hawezi kutoka naye.

Sasa, je, hakuna njia ya halali? Iko, ila kila nchi ina yake. Qatar ilibadilisha sheria mwaka 2020. Mfanyakazi, hata wa nyumbani, anaweza kuhama bila barua ya ruhusa ya mwajiri. Anatoa notisi ya mwezi mmoja kama hajapita miaka miwili kazini, miezi miwili kama amepita. Saudi Arabia nayo ililegeza mwezi wa Machi 2021, na watu wakashangilia huku. Kumbe wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mabadiliko hayo, na wasichana wetu wengi ndiyo kazi waliyoendea! Wao wana masharti yao. Kwa kawaida mwajiri lazima akubali, lakini serikali inaweza kumhamisha msichana bila mwajiri kukubali, kwa mfano akikosa mshahara wa miezi mitatu, akiazimwa kwa nyumba nyingine, au akiripotiwa uongo kwamba ametoroka. Lakini lazima alalamike, na awe na kitu cha kuonyesha.

Kwa hiyo mama, simu ikilia usiku, muulize kwanza: Ulilipwa mwisho lini? Iqama inaisha lini? Una picha ya mkataba? Mwambie aandike tarehe, na akutumie nakala huku. Lakini akipigwa, akiguswa vibaya au akinyimwa chakula, hapo hakuna kungoja karatasi. Atoke, aende ubalozi wa Kenya, Riyadh au Doha, au polisi, aeleze mwenyewe kabla mwajiri hajaeleza. Kutoroka na kwenda kushtaki ni vitu viwili tofauti.

Uingereza hakuna kafala, lakini hata huko viza ya kazi inashikana na mwajiri. Anayetaka kuhama lazima apate mwajiri mwingine mwenye leseni ya kuleta wageni, apewe cheti kipya cha udhamini, aombe viza upya, na asianze kazi ile mpya kabla ya kukubaliwa. Mwajiri akinyang'anywa leseni, mfanyakazi huandikiwa barua, na kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mwingine au kuondoka. Siku 60 si nyingi kwa mtu aliyeuza ng'ombe wa baba yake ili aende. Na tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga viza za watunzaji wapya wa wazee kutoka nje. Waliomo ndani ndio wanaoweza kuhama. Basi ajenti akija hapa Soy leo kuuza kazi hiyo, kaza mfuko wako.

Tena niseme ukweli. Mara nyingi mtoto hutoroka kwa sababu yetu. Tumekopa, tumekodisha shamba, kila wiki tunauliza pesa iko wapi. Msichana ambaye hajalipwa miezi miwili anaona aibu kutuambia, anaona afadhali vibarua.

Wanaojitayarisha kwenda, hakikisheni ajenti ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na muulizeni kwa maandishi: nikitaka kuhama mwajiri, nafanyaje? Akikwepa swali hilo, msitie sahihi. Mkataba ukiwa kwa lugha msiyoielewa, uleteni ofisini kwetu tuusome pamoja. Wenye watoto ambao tayari wako kule, leteni nakala mlizo nazo, hata picha ya simu, tuanze na zile ambazo iqama inakaribia kuisha.