Nyota Zilizoijenga Nundu

Wakulima wetu wanakijua Kilimia, kile kikundi cha nyota kilichowaongoza wazee kuyatambua majira ya kulima. Kwa macho matupu twaona nyota sita au saba; kwa darubini ni zaidi ya 1,000, zilizozaliwa pamoja kama ndugu wa tumbo moja.

Yako makundi makubwa kupita Kilimia, nayo yana kazi ambayo yatupasa kuitafakari leo. Galaksi yetu, Njia ya Maziwa, imetandaa kama sahani, na katikati yake pana nundu, mithili ya kiini cha yai la kukaanga. Nundu hiyo imejengwa na nini? Wataalamu wanahesabu makundi mazito ya nyota miongoni mwa wajenzi wake. Kundi zito lipitapo kati ya nyota nyingine huzivuta. Nazo hukusanyika nyuma yake na kulivuta kinyume. Mwendo wake hupungua, likazama polepole kuelekea katikati. Humo mvutano hulisambaratisha. Nyota zake huchanganyika na nyingine, na kundi halionekani tena. Lakini nundu imekua.

Masalio yapo. Kundi liitwalo Terzan 5, lililogunduliwa mwaka 1968, limo ndani ya nundu hiyo. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba nyota zake ni za marika mawili: za miaka yapata bilioni 12, na za miaka yapata bilioni 4.5. Wanaona kuwa huenda ni kipande kilichosalia cha makundi yale yaliyoijenga nundu tangu mwanzo.

Ndugu wapendwa, nasi tunaishi katika jumuiya ndogondogo. Tumewahi kuona jumuiya ikinyima mchango wake kwa ujenzi wa kanisa la parokia, kwa sababu tu jina lake lisingeandikwa ukutani. Tuseme kweli: nasi tumo katika kosa hilo, kila tunapouliza kwanza ni nani atakayesifiwa. Nyota hazina hiari, huvutwa, zikaenda. Sisi tumepewa hiari, na hapo ndipo tutakapoulizwa. Tena nyota iliyotengana na kundi lake haikuzimika. Yaangaza pamoja na wengi, bila jina la kundi lake. Je, tu tayari kutoa namna hiyo? Juma hili, jumuiya zetu zikutanapo, tuanze na swali hilo. Amina.