Hotuba ya Mwenyekiti: Kuku Wetu na Akiba Yetu



Kwanza namshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Mahesabu ameshayasoma mweka hazina, sitayarudia. Nitasema la kuku, maana ndilo lililotutoa jasho.

Mnaukumbuka mwaka wetu wa nne. Dagaa walipanda bei, na tuliowapata walikuwa nusu dagaa nusu mchanga. Mimi nikasema tutumie soya, ina protini nyingi. Nilisikia kwa watu tu, sikuuliza. Tukasaga soya mbichi, tukachanganya na pumba za mahindi. Vifaranga 200 wa mkopo wakadumaa. Wiki ya sita, kuku wa nyama wako kama kwale! Tukauza kwa hasara, na wenzetu watano wakauza vitenge vyao ili walipe rejesho. Kosa lile lilikuwa langu, na leo nalisema mbele ya wageni. Nisameheni.

Afisa mifugo ndiye aliyetufungua macho. Soya mbichi ina kitu kinachomzuia kuku kusaga protini, na moto ndio unaokimaliza. Kwa hiyo siku hizi tunakaanga kwanza, tunageuza mpaka harufu ya ubichi iishe na rangi ianze kuwa kahawia. Ikiungua nayo imeharibika. Mashudu ya alizeti ni mazuri, lakini yana makapi mengi, kwa hiyo vifaranga tunawapa kidogo. Tena peke yake hayatoshi, tunayachanganya na soya, kinachopungua huku kiko kule. Mashudu ya pamba tumewaachia ng'ombe wakubwa, maana yana sumu inayodhuru kuku. Dagaa hatujawafukuza, tunatia kidogo tu.

Sasa ombi langu. Faida ya mwaka huu tusigawane yote. Tutenge fungu tununue mashine yetu ya kusaga na kuchanganya chakula. Wawili kati ya wale watano hawajafuga kuku tena hadi leo. Wako hapa, nawaona. Dada zangu, nawaomba mkopo wa kwanza wa vifaranga uwe wenu, na chakula nitakuja kuchanganya nanyi mimi mwenyewe.

Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi nimejifunza kwa gharama yenu.