Sahani ya Jajja: Lishe na Kupona kwa Mzee Aliyevunjika Pingili za Mgongo



Mzee akivunjika mkono, nyumba nzima hujua. Lakini pingili ya uti wa mgongo iliyodhoofishwa na osteoporosisi hubonyea jajja, yaani bibi au babu, anapoinua dumu la maji au anapoinama kufagia, na takriban mivunjiko miwili kati ya mitatu ya namna hii haifiki kwa daktari. Kimo kinapungua, kibiongo kinatokea, gauni la gomesi linaanza kuburura chini. Watu husema ni uzee. Mimi nasema ni mvunjiko, na una tiba. Tena haungoji: kati ya wanawake waliovunjika pingili, karibu mmoja kati ya watano huvunjika nyingine ndani ya mwaka.

Kabla ya chakula, tahadhari moja. Hapa kwetu kifua kikuu nacho hula pingili, na saratani ya tezi dume au ya matiti huenea humo. Mzee mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, kukonda au miguu kufa ganzi apelekwe hospitali ya Naguru au Mulago achunguzwe, asikae nyumbani akikandwa.

Sasa sahani. Uti ukijikunja, mbavu hukaribia nyonga na tumbo hubanwa, hivyo mgonjwa hushiba baada ya matonge machache. Familia hudhani amekataa kula. Maumivu nayo huondoa hamu. Mofini ya maji, dawa ambayo Uganda imejijengea sifa ya kuwafikishia wagonjwa tangu shirika la Hospice Africa lianzishwe hapa Kampala mwaka 1993, huwatuliza wenye maumivu makali, lakini hufunga choo, na choo kikifunga chakula hakipendezi tena. Dawa ya kulainisha choo iandikwe siku ileile. Wakati huohuo jajja amelala kitandani, na misuli ambayo ingeushika mgongo wake inayeyuka.

Mwaka 2013 wataalamu wa lishe ya wazee wa kundi la PROT-AGE walipendekeza mzee mgonjwa apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Jajja wa kilo 50 anahitaji basi gramu 60 au zaidi. Nusu kilo ya matooke haimpi hata 10. Tunampenda, tunamrundikia matooke na mchuzi, na mfupa wake unabaki na njaa.

Katika utafiti wa Geneva uliochapishwa mwaka 1990, wazee waliovunjika nyonga waliongezewa kinywaji kimoja kwa siku chenye gramu 20 za protini. Walikaa hospitalini siku 24, wenzao wasioongezewa siku 40. Nyonga si pingili, lakini mwili unaojenga ni uleule.

Gramu hizo 20 zimo katika soko letu la Nakawa. Kikombe kikubwa cha maziwa kina gramu 8 za protini na miligramu 300 hivi za kalsiamu. Yai lina 6. Na kuna mukene, yaani dagaa, anayeliwa mzima na mifupa yake, kalsiamu tele. Inanichoma kuona sehemu kubwa ya samaki huyu ikigeuzwa chakula cha kuku huku tukimwita chakula cha maskini. Nunueni aliyekaushwa juu ya chanja, si mchangani, msage unga laini, mchanganye kwenye sosi ya karanga. Asiye na meno atakula. Mpeni kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, akiwa ameketi. Asubuhi mtoeni nje aote jua, kisha atembee hatua chache akishikwa mkono.

Chakula hakichukui nafasi ya dawa za mifupa. Dawa hizo zenyewe hufanya kazi vibaya kwa mtu aliyepungukiwa kalsiamu na vitamini D.

Haya yote yanahitaji fedha. Ruzuku ya serikali ya shilingi 25,000 kwa mwezi humfikia mzee akiwa amezeeka sana, na wengi huvunjika kabla ya kufikia umri wa kuipata. Umri huo ushushwe. Kwa hospitali zetu nina ombi lisilohitaji bajeti: mzee apimwe uzito siku ya kuruhusiwa, na fomu inayoandikwa dawa na tarehe ya kurudi iandikwe pia atakachokula, na asomewe yule anayempikia.