KITAMBI NI JAMBO LA WAFANYI KAZI

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Olympic, Kibera)



Halmashauri ya tawi imetutaka tuseme habari za kitambi. Wengine walipoona tangazo ukutani walicheka, wakauliza: Je, chama kimeacha mambo ya mshahara, sasa chapima matumbo ya watu? Mambo ya mshahara hatukuyaacha. Lakini mwanachama akishikwa na ugonjwa wa sukari, mshahara wake haufiki tena nyumbani, waishia katika duka la dawa. Na dereva akipoteza nuru ya macho kwa ajili ya sukari hiyo, hakuna mapatano yoyote tutakayoandikiana na mwenye kazi yatakayomrudisha kwenye usukani. Basi jambo hili ni letu.

Kwanza tuondoe wazo moja la zamani. Sisi sote tumelelewa tukijua kwamba tumbo kubwa ni alama ya mtu aliyefanikiwa. Mtu akinenepa baada ya kuoa, jamaa husema mke amtunza vizuri. Akikonda, majirani huanza kunong'ona. Na manong'ono hayo yana sababu yake, kwani katika miaka ya 1980 na 1990 Ukimwi ulipokuwa ukitumaliza, kukonda kulikuwa kama kuandikiwa hukumu. Hata leo wako wanaume hapa Kibera wanaoogopa kupunguza mwili wasije wakasemwa. Twawaambia hao: heri kusemwa.

Wazo la pili ni kwamba kitambi ni shida ya matajiri wa Karen na Muthaiga, haituhusu sisi wa vyumba vya mabati. Si kweli. Wataalamu walikuja hapa hapa Kibera wakapima watu wazima zaidi ya 2,000, na hesabu yao ikatangazwa mwaka 2013 na 2014. Katika kila watu 100, watu 5 walikuwa na ugonjwa wa sukari, na watu kama 23 walikuwa na damu inayopanda. Tena, katika hao wenye damu ya kupanda, mmoja tu katika kila watano ndiye aliyejijua. Wanne walikuwa wakienda kazini kila siku wamebeba ugonjwa wasioujua. Kadhalika, hesabu ya serikali ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba wanawake 33 katika kila 100 nchini Kenya walikuwa wamezidi uzito, na miaka mitano kabla ya hapo walikuwa 25. Mambo haya yanakwenda mbio.

Sasa, mafuta ya mwili ni ya namna mbili. Kuna yaliyo chini ya ngozi, ambayo waweza kuyashika kwa vidole. Hayo hayana madhara makubwa. Na kuna yaliyo ndani kabisa, yaliyozunguka ini na matumbo. Hayo ndiyo adui. Hayakai kimya kama mzigo uliowekwa ghalani, bali huachilia mafuta katika damu inayokwenda kwenye ini, na mwili ukaanza kukataa kuitii insulini, yaani ile maji ya mwili iliyo na kazi ya kuondoa sukari katika damu. Hapo sukari hupanda, damu hupanda, moyo hutaabika. Ndiyo sababu mtu mwenye mikono na miguu myembamba lakini tumbo limemtangulia aweza kuwa katika hatari kuliko mnene wa mwili mzima.

Tutawapeni mfano wa wafanyi kazi wenzetu. Katika mji wa London, daktari mmoja jina lake Jerry Morris aliwachunguza watu wa mabasi ya ghorofa, madereva na makondakta. Watu hao walikuwa wa tabaka moja na walifanya kazi katika gari moja. Tofauti yao ilikuwa hii tu: dereva aliketi siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi, kama ngazi 500 hadi 750 kwa siku. Mwaka 1953 alitangaza aliyoyaona. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva, na waliopatwa hawakufa upesi kama madereva. Mwaka 1956 akaenda kwenye daftari za sare, akatazama vipimo vya suruali. Suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za makondakta. Wako waliouliza, je, wanene ndio waliochagua usukani, ama usukani ndio uliowanenepesha? Yamkini yote mawili yalikuwamo. Lakini mwanachama yeyote aliyekaa miaka kumi nyuma ya usukani wa matatu atawaambieni suruali yake ya kwanza iko wapi leo.

Ni lazima tuseme haki hapa. Kuna wanachama wetu ambao hawana haja ya hotuba hii. Mtu anayeondoka Olympic alfajiri kwa miguu mpaka Industrial Area kwa sababu hana nauli, kisha akabeba saruji mpaka jioni, huyo tukimwambia afanye mazoezi tutakuwa tumemtukana. Haja yake ni chakula cha kutosha na mshahara. Twasema hasa na madereva, makarani, mafundi cherehani, na askari wa kulinda wanaokaa langoni saa kumi na mbili.

Mwataka kujua kama mmo hatarini? Hamhitaji mashine. Twaa kamba yenye urefu sawa na kimo chako, tangu kisigino mpaka utosini. Ikunje katikati. Sasa jaribu kuizungusha kamba hiyo iliyokunjwa tumboni, karibu na kitovu, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida, bila kuvuta tumbo ndani kama mnavyofanya mkipigwa picha. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya kimo chako, na wapaswa kwenda kupimwa damu na sukari. Mama mjamzito asijipime hivi.

Tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo penye vita kubwa. Watu wengi hulaumu ugali. Ugali si mwizi, mwizi ni kipimo chake na saa yake. Mfanyi kazi hunywa chai ya rangi asubuhi, mchana apitisha kwa soda na mandazi, jioni afungwa na msongamano wa magari pale Ngong Road, na saa tatu za usiku aketi mbele ya mlima wa ugali akiwa na njaa ya siku nzima. Aula wote, kisha alala. Yafaa ugali ule ule ugawanywe, na mchana upate haki yake.

Na soda je? Chupa ya nusu lita ina sukari kama gramu 53, yaani vijiko vya chai 13. Shirika la Afya la Dunia lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima afanye vema akikaa chini ya vijiko 6 kwa siku nzima, na humo imo sukari ya chai. Sasa hesabu mwenyewe: vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, na soda moja ya kuteremshia. Soda hiyo moja ina kalori zipatazo 210. Mtu wa kilo 70 huunguza kalori kama 50 kwa kila kilomita anayotembea. Basi soda moja ni kilomita 4 za miguu! Bia ya nusu lita ni karibu sawa nayo, na hakuna anayekunywa moja akaondoka.

Mafuta nayo twayapuuza. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na ya sukari ina 4. Sukuma wiki ni mboga nzuri sana, lakini ikipikwa ikaogelea, imekuwa kitu kingine. Pimeni mafuta kwa kijiko, msiyamimine kutoka chupani. Chipsi, mutura, smokie na mandazi ya KDF tuvihesabu kuwa vitu vya siku moja moja. Twajua vizuri kwa nini watu huvila kila siku. Makaa ni ghali na gesi ni ghali, na maharagwe yataka kuchemka saa nyingi. Mama anayerudi kazini saa mbili hawezi kuanza kuchemsha githeri. Hilo si uvivu. Lakini hapa mtaani wako akina mama wanaouza maharagwe na githeri vilivyochemshwa tayari, kwa kipimo. Nunua hivyo, tia kitunguu na nyanya na kijiko kimoja cha mafuta, umepata chakula cha kushibisha, na bei yake haizidi sana ile ya chipsi. Chapati moja na maharagwe mengi ni bora kuliko chapati tatu na mchuzi. Kunde, managu na terere ziko sokoni Toi. Omena ni nyama kamili kwa bei ya maskini. Na unga wa kusagisha mwenyewe kwenye posho mill, usiokobolewa, hukaa tumboni kwa muda kuliko ule mweupe wa pakiti.

Kuhusu majani ya chai ya kupunguza tumbo, mikanda ya kubana, na dawa zinazotangazwa kwenye nguzo za stima, hatutasema mengi. Majani mengi ya namna hiyo ni ya kuharisha tu. Utapoteza maji na fedha, na kesho yake utakunywa maji urudi ulivyokuwa. Na wale wanaolala chali wakiinuka-inuka mara mia kila asubuhi, twawasifu kwa bidii, lakini mwili hauchukui mafuta mahali unapopaamuru. Misuli ya tumbo itapata nguvu chini ya mafuta yale yale. Mafuta hupungua mwili mzima, na yale ya ndani ya tumbo huwa miongoni mwa yanayotangulia kutoka. Hiyo ni habari njema.

Kiasi gani chatosha? Huko Marekani watu 3,234 waliokaribia kupata ugonjwa wa sukari waligawanywa makundi. Kundi moja lilifundishwa kula kwa kiasi na kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma, na wengi wao walitembea tu kwa haraka. Shabaha ilikuwa kupunguza sehemu 7 katika 100 za uzito. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002: katika kundi hilo ugonjwa wa sukari ulipungua kwa 58 katika 100, zaidi ya ulivyopungua kwa waliopewa dawa. Kwa mtu wa kilo 85, hiyo ni kilo 6 tu. Hakuna aliyeambiwa awe mwembamba kama fimbo. Tena wasiwe na haraka. Nusu kilo kwa juma ni mwendo mwema, na kitambi cha miaka kumi hakiondoki kwa majuma mawili.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Anayepanda matatu na ashuke kituo kimoja ama viwili kabla, atembee kwa mwendo wa mtu anayechelewa. Uwanja wa Kamukunji upo. Msitembee juu ya reli, magari moshi yangali yanapita. Dada zetu walituambia mapema kwamba wao hawawezi kutembea gizani, na wana haki. Kwao kamba ya kuruka, ama kuchuchumaa na kuinuka mara 15 ukishika mlango, raundi tatu nne, yafaa ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi. Mwenye maumivu ya kifua aone daktari kwanza. Anayetumia dawa za sukari asianze kufunga kula bila kumwuliza daktari wake.

Lakini yote haya mfanyi kazi hawezi peke yake, na hapa ndipo chama kinapoingia. Twamjua mwenye kazi mmoja, jina hatulitaji, aliyemwandikia mlinzi barua ya onyo kwa sababu alionekana akizunguka-zunguka uani badala ya kukaa kwenye kiti. Mlinzi kuzunguka ni kosa! Kanuni za mishahara zasema juma la kazi ni saa 52 kwa siku sita, na kwa kazi ya usiku ni saa 60. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa kila mtu siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mtu anayefanya zamu ya saa kumi na mbili siku zote saba halali ya kutosha, na asiyelala huwa na njaa isiyokwisha. Halmashauri itaweka mbele ya waajiri, katika mapatano yajayo, mambo haya: saa ya chakula isiyokatwa, maji safi ya kunywa mahali pa kazi, ruhusa ya kusimama na kutembea kwa wanaoketi, na kupimwa damu na sukari mara moja kwa mwaka kwa saa za kazi. Tangu Oktoba 2024 twakatwa 2.75 katika kila 100 za mshahara kwa ajili ya SHA. Fedha zimekwenda, basi twendeni tukapimwe.

Jumapili ijayo saa moja asubuhi tutakutana mbele ya lango la shule ya Olympic, tutembee mpaka Jamhuri na kurudi. Viatu vyovyote vyafaa. Waliokuja na kamba na wajipime sasa, wanaume upande huu na wanawake kule ndani. Asiye na kamba, karani ana uzi wa katani na makasi pale mezani.