Kumfundisha Mtoto Mdogo Utakatifu wa Mwenyezi Mungu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Leo tunataka kuzungumzia swali ambalo wazazi wengi hulikwepa kwa kuliona kuwa ni zito mno kwa mtoto wa miaka minne au mitano, nalo ni hili: tumwambie nini mtoto huyo kuhusu utakatifu wa Mwenyezi Mungu?

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mwanangu ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka mitano alivunja kikombe, kisha akavificha vigae vyake nyuma ya kabati. Nilipomuuliza, alikana. Kwa hasira nikamwambia kwamba Mungu amemuona na kwamba atamchoma moto. Kikombe chenyewe kilikuwa cha bei ndogo tu. Usiku ule mtoto alikataa taa izimwe. Alijifunika shuka gubigubi, na kutoka humo ndani akaniuliza iwapo Mungu anaweza kuona kupitia kitambaa. Kwa muda wa wiki kadhaa baada ya hapo, kila nilipotandika mswala yeye alikuwa akiondoka chumbani. Nilikuwa nimekusudia kumfundisha kwamba Mungu ni Mtakatifu, nami nikamfundisha kwamba Mungu ni askari anayevizia.

Wapenzi wasikilizaji, kosa hilo halikuwa la malezi peke yake, bali lilikuwa pia kosa la kielimu. Imepokewa katika Hadithi mashuhuri ya Bwana Mtume (SAW) kwamba kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa watu wa aina tatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka atakapobaleghe. Basi mzazi anayemtisha mtoto wa miaka mitano kwa moto wa Jahannamu anamsingizia Mola wake jambo ambalo hakulisema. Ni ajabu kwamba tunafanya hivyo kwa nia ya kumtukuza.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Miongoni mwa majina mazuri ya Mwenyezi Mungu ni al-Quddus, jina ambalo limekuja mara mbili katika Qur'ani, katika Sura ya al-Hashr na Sura ya al-Jumua. Sisi Waswahili tunalifasiri kwa neno Mtakatifu, na neno hilo tumelichota katika kitenzi cha kawaida kabisa cha majumbani mwetu, yaani kutakata. Husema mtu kuwa nguo imetakata, na anga limetakata baada ya mvua kupita. Mtoto anayajua hayo kabla hajajua kusoma. Mpeleke nje asubuhi ambapo mawingu yote yameondoka, mwambie kwamba hili anga limetakata, halina doa, na kwamba Mola aliyeliumba ametakata zaidi kuliko anga, kwani anga hurudi likachafuka na Yeye hapatwi na doa lolote kamwe.

Lakini mtoto atauliza: doa gani? Hapo ndipo penye kazi. Wanazuoni huuita mlango huu tanzihi, yaani kumtakasa Mungu na kila upungufu, na wameuandikia vitabu vikubwa. Hata hivyo, mtoto mdogo ana mlango wake wa kuingilia, kwa sababu upungufu anaujua vyema kuliko tunavyodhani. Anajua kuwa baba husahau ahadi. Anajua kuwa mama huchoka na kusinzia kabla hadithi haijaisha. Anajua njaa, na zaidi ya yote anajua uchungu wa kuadhibiwa kwa kosa lililofanywa na ndugu yake. Basi aambiwe kwamba Mungu hasahau, hachoki, hasinzii wala halali, halishwi, na hamdhulumu mtu hata kwa kiasi cha chembe. Hayo yote yamo katika Qur'ani. Nilipomweleza mwanangu kwamba Mungu halali, hakuogopa. Aliuliza tu: "Hata saa hii ya usiku, yuko macho peke yake?" Nikamwambia naam. Usiku huo alikubali taa izimwe.

Tukirejea katika Sura ya Luqman, tunakuta jinsi mzee huyo mwenye hekima alivyomlea mwanawe. Mara tatu anamwita kwa neno bunayya, na wajuzi wa Kiarabu wanatuambia kwamba hilo ni umbo la kudogosha lenye mapenzi ndani yake, kama mtu anavyosema kijanangu, kipenzi changu. Alipotaka kumfahamisha kwamba elimu ya Mungu haina mpaka, hakumtajia minyororo wala moto. Alimtajia punje ya hardali, ndogo kiasi cha kupotea kiganjani, akamwambia kwamba hata ikiwa ndani ya jabali, au mbinguni, au ardhini, Mungu ataileta. Mafunzo ni yale yale niliyotaka kuyatoa siku ya kikombe, yaani kwamba Mungu anaona. Lakini punje ile humfanya mtoto astaajabu, ilhali tisho langu lilimfanya ajifiche.

Je, hii ina maana kwamba tuache adabu na heshima, mtoto amtaje Mungu kama anavyomtaja mwenzake wa mchezoni? La hasha. Adabu ndiyo sehemu ambayo mtoto huiona kwa macho. Wengi wetu tuliosoma vyuoni katika pwani ya Afrika Mashariki hatukufafanuliwa maana ya utakatifu hata siku moja. Tulimuona bibi akinawa mikono kabla ya kugusa msahafu, akiuweka juu ya marfaa na si sakafuni, akishusha sauti alipotaja jina la Mola. Sisi tukaiga. Leo wako wazazi wanaolea watoto ughaibuni, katika majumba ambayo adhana haisikiki ila kutoka kwenye simu, na bibi yuko mbali. Huko mzazi ndiye bibi. Akiitupa simu yenye Qur'ani kitandani na kuendelea na ugomvi wake, mtoto ataliona hilo pia.

Inafaa kuashiria hapa kuwa adabu hiyo haikuwa ya kuwafukuza watoto. Imepokewa kwamba Bwana Mtume (SAW) aliswali huku amembeba Umama, mjukuu wake kwa binti yake Zainab, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama. Imepokewa pia kwamba aliirefusha sijda kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, na hakupenda kumharakisha. Katika sijda hiyo ndimo Mwislamu hutamka Subhana, yaani humtakasa Mola wake. Mtoto yule alikuwa juu ya mgongo wa babu yake katika sijda ya kumtakasa Mola.

Hivi karibuni nilimsimulia mwanangu kisa cha Nabii Musa (AS) alipoitwa katika bonde takatifu la Tuwa na kuamrishwa avue viatu. Akafikiri kidogo, kisha akauliza: "Kama Musa hakumuona Mungu, alijuaje kwamba ni pahala pa kuvua viatu?" Nikamjibu kwamba aliisikia sauti ikimwita kwa jina lake. Akanyamaza, akaenda mlangoni kuvipanga viatu vyetu.